Naomba ushauri: krimu au kijivu hafifu kwa sebule na korido?

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu rangi ya maji ya kuta za ndani, kwani tumebakiza kuchagua kati ya krimu na kijivu hafifu. Sebule inatazama baraza pana lenye mwembe mbele yake, hivyo mwanga wa mchana ni mdogo na una ukijani, na katika vipande vya majaribio tulivyopaka ukutani kijivu kinaonekana kama plasta isiyopakwa kitu, ilhali krimu, taa za manjano zikiwashwa usiku, inageuka karibu rangi ya siagi. Fundi anapendekeza krimu nyumba nzima (mafundi hupenda kazi ya ndoo moja), lakini marumaru zetu ni za kijivu. Je, aliyewahi kupaka krimu sebuleni na kijivu koridoni, mpaka wa rangi hizo aliuweka wapi, na ipi huficha zaidi alama za mikono ya watoto?