Bruda ya vifaranga wa kuku na bata: globu, seredani au kuku mwenyewe?

Shamba_Wete:
Asalaam alaykum wanajamvi. Nataka kuleta vifaranga mia wa kuku chotara na bata kama thelathini hivi, nipo Wete, Pemba, sasa nashindwa kuamua joto la bruda, yaani hapo pa kuwalelea, nilitoe wapi. Globu, seredani ya makaa, au nitafute kuku wa kuwalea? Umeme kwetu upo ila mvua za masika zikianza mnajua wenyewe. Naomba mnilinganishie, sio kila mtu asifu chake tu.

ukhti_fuoni:
Waalaykum salaam. Globu kakangu, usijitese. Joto halichezi cheze na wewe unalala usingizi wako. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, upime chini pale walipo wao sio juu, halafu kila wiki unashusha kama nyuzi 3 mpaka waote manyoya, na kushusha kwenyewe ni kuipandisha globu tu. Ubaya wake bei. Ile nyekundu ya wati 250 ikiwaka kutwa kucha inakula yuniti 6 kwa siku, tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, unaiona inavyoteremka. Mie mchana wa kaskazi nazima kabisa, joto la Mungu linatosha.

yakhe_konde:
Haya, na umeme ukikatika saa nane usiku na mvua inapiga? Vifaranga wanarundikana pembeni, wa chini wanakufa kwa kukosa pumzi hata kabla ya hiyo baridi. Seredani yakhe. Makaa yakolee nje mpaka moshi uishe ndo uingize ndani, juu ufunike chungu kikuukuu, chungu kikishika moto kinabaki na joto hata makaa yakianza kufifia. Na bruda izungushie hadubodi iwe duara, isiwe na kona.

mganga_wa_mifugo:
Hapo kwenye moshi tuelewane jamani. Moshi kuisha sio hatari kuisha, makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu na chumba kikizibwa inaua vifaranga na binaadamu aliyelala humo pia. Upande wa juu uwe wazi. Ziba chini tu, kule upepo unakowapiga wao.

Na globu au makaa, watazame vifaranga wenyewe. Wakibanana chini ya joto wana baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi wanaungua, wakijaa upande mmoja wote ujue kuna upepo unaingia. Wakitawanyika wanakula wanalala hovyo hovyo hapo umepatia.

bi_bata:
Mbona bata wa watu mmewasahau? Usiwaweke pamoja na kuku hata kwa dawa. Bata anachezea maji kutwa, maranda yanarowa, kuku wanapata baridi na koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu, wewe unabaki kusema vifaranga wabovu. Halafu bata joto hawalitaki kama kuku, wanakua upesi, wiki ya tatu kwa hali ya hewa yetu washaanza kuikimbia globu. Maji yao yawe na kina cha kuzamisha mdomo na pua, basi, wasiogelee maana bila mama hawana mafuta ya kutosha kwenye manyoya wanalowa wanakufa baridi. Na miguu, ukiona inapinda ni vitamini B3 haba, bata anaihitaji kuliko kuku. Dagaa wa kusaga wanasaidia lakini SIO wale waliochemshwa na chumvi, chumvi inawaua.

yakhe_konde:
Hao thelathini si awape kuku wanaoatamia? Kuku mmoja anabeba kumi na kitu, unamuingizia usiku asubuhi kashawakubali, makaa hutaki umeme hutaki. Raha uione siku wanaingia dimbwini, mama yuko kando anapiga kelele kama kaibiwa 😂

ukhti_fuoni:
Na kunguru je? Huku Unguja ukimtoa kuku na watoto nje jioni unahesabu waliobaki. Kuku mama sawa lakini ndani ya wavu. Kwa mia wa kuku ndo usahau, utawapata wapi kuku tisa wanaoatamia wiki moja.

Shamba_Wete:
Shukran. Basi mia globu na seredani iwe tayari nje ya mlango, bata banda lao, nikipata kuku watatu nawapa. Chanjo je?

mganga_wa_mifugo:
Ya kideri wiki ya kwanza, ya ugonjwa wa Gumboro siku ya 14 hivi, muulize daktari wa mifugo hapo kwenu utaratibu wao. Za kunywa changanya na maji ya kisima au mvua, yale ya bomba yenye dawa yanaiua chanjo.

bi_bata:
Wanakuja na boti? Bruda iwashe toka jana yake sio wakifika. Na wakifika maji kwanza, mchovye mdomo mmoja mmoja, chakula baadae.

Shamba_Wete:
Wote mia?? 😅

bi_bata:
Kumi tu, wengine wataiga.