Naomba ushauri: kampuni kubwa imeweka kipengele cha programu yangu kwenye simu zake

Mwanzisha uzi: Habari zenu wakuu. Nina programu ya simu inayosoma picha ya risiti na kuitoa kama maandishi ya kunakili, na wenye maduka ya jumla huilipia kila mwezi. Sasa kampuni moja kubwa imetoa toleo jipya la mfumo wake likiwa na kipengele hicho hicho, tena bure, na baadhi ya wateja wameshaacha kulipia. Je, ninaweza kudai haki kisheria, au nifunge kazi nikatafute ajira?

Mchangiaji 1: Pole, mkuu. Hakimiliki inalinda msimbo ulioandika, hailindi wazo. Hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ingeweza kukusaidia, lakini ni ghali, na kwa kawaida huombwa kabla kitu hakijatolewa hadharani. Kama huna ushahidi kwamba walichukua msimbo wako, wakili atakula fedha zako bure.

Mchangiaji 2: Wengi yamewakuta. Programu ya f.lux ilikuwa ikipunguza mwanga wa buluu wa skrini tangu 2009. Novemba 2015 Apple ikaizuia kwenye iPhone, na Machi 2016 ikaleta Night Shift yake yenyewe, inayofanya kazi hiyo hiyo (ujasiri wa aina yake huo). Ila watazame Luna Display, ambao kifaa chao kiliifanya iPad kuwa skrini ya pili ya kompyuta ya Mac: Apple ilipoleta Sidecar, kipengele chake cha kazi hiyo hiyo, mwaka 2019, waliongeza uwezo wa kutumia Mac moja kama skrini ya nyingine, na baadaye wakaingia kwenye Windows, ambako Sidecar haifiki.

Mchangiaji 3: Mimi ni mhasibu, na wateja wangu huniletea risiti za EFD (mashine za kielektroniki za risiti za kodi) mfuko mzima mwisho wa mwezi, nyingine zimefifia hadi hazisomeki. Simu inanakili herufi tu. Haijui ipi ni TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji na kipi ni kiasi cha VAT. Programu itakayovitambua hivyo pamoja na tarehe, ikavipanga kwenye Excel na kunionyesha risiti iliyoingizwa mara mbili, nitailipia mimi mwenyewe bila kusubiri wenye maduka.

Mwanzisha uzi: Nashukuruni sana. TIN na tarehe inavitambua tayari. Inaposhindwa ni kwenye risiti zilizofifia. Ndugu mhasibu, unaweza kunitumia picha chache za risiti za namna hiyo, ukishaficha majina ya wateja, nianze kuzifanyia majaribio?

Mchangiaji 3: Nitakutumia Jumatatu, nikishamaliza ritani za kodi za mwezi huu.