Chesi mashindanoni: ufunguzi (hatua za mwanzo wa mchezo) gani ulikuumiza? Tupeane uzoefu

Habarini wadau. Nianze na yangu. Juzi nilicheza mashindano ya wapenzi wa chesi hapa Mtwara mjini, nikapangiwa weusi. Mimi nimekulia kwenye drafti la vizibo vya soda, chini ya mwembe kule Magomeni, na kwenye drafti kula ni lazima.

Mweupe akafungua kwa askari e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), nikajibu e5. Akatoa farasi f3, nami wangu c6. Askofu wake akatua c4, nikamtoa farasi wa pili f6. Mara farasi wake akaruka g5, anaitazama f7, nyumba inayolindwa na mfalme peke yake! Nikasukuma d5 kumziba askofu, akala kwa askari. Mkono wa drafti ukanituma: nikala kwa farasi papo hapo. Farasi wake akaingia f7, kamshika malkia na ngome kwa mpigo. Nikamla kwa mfalme. Malkia f3, cheki, yaani anamtishia mfalme. Ili nisimpoteze farasi wa d5, mfalme ikabidi apande e6, katikati ya ubao, kweupe kabisa, huku ngome zangu zote zimelala kona. Sikufika mbali.

Shambulio hilo linaitwa Ini la Kukaanga. Iliniuma, maana nilijiandaa mwezi mzima. Leteni zenu.

Mdau wa Mikindani:
Pole sana mkuu. Askari akishakula d5, usile. Farasi wa c6 mpeleke a5, amkere askofu. Askofu atatoa cheki b5, ziba kwa askari c6. Akila, nawe kula kwa askari wa b. Umepungukiwa askari mmoja, sawa, lakini askofu inabidi akimbie tena, na farasi wa g5 utamfukuza kwa askari h6. Kete zako zinatoka, zake zinarudi nyuma. Naicheza hiyo siku zote na naipenda mno.

Masasi:
Mimi ufunguzi ulikuwa mzuri, mkono ndio ulioniponza. Nilimgusa malkia kabla ya kuona kuwa hana pa kwenda salama. Ukigusa, umecheza. Siku hizi nakaa nimekalia viganja.

Lindi mjini:
Weupe mimi ni askari d4 na askofu f4 basi, ule ufunguzi uitwao London. Sifi mapema.

Mwenye uzi:
Asante mkuu wa Mikindani. Nimeipanga ubaoni usiku huu, nimefika h6. Farasi akirudi f3 nasukuma e4, anahama tena! Jumapili naomba weusi.