Tupeane uzoefu: habari ya Divya Bharti ilikufikia wapi?

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wadau, leo tarehe 5 Aprili. Wa rika langu hamna haja ya kuambiwa. Usiku kama wa leo mwaka 1993, Divya Bharti, yule steringi wa kike wa picha za Kihindi, alianguka kutoka ghorofa ya tano huko Versova, Mumbai. Miaka 19. Naomba kila mtu aeleze habari ilimkuta wapi. Ila yale ya nani alimsukuma tuyaache. Polisi walifunga jalada mwaka 1998 wakasema ni ajali, na humu hakuna aliyekuwepo.

Naanza mimi. Tanga, darasa la sita. Bara hatukuwa na televisheni bado (ITV ilianza 1994), picha la Kihindi ulilifuata kwenye banda la video. Shilingi 20, unakaa kwenye benchi la mbao, joto utadhani tanuri. Mwezi ule wa Mei wote mwenye banda alikuwa anapiga Deewana, picha yake Divya, na mimi kila Jumamosi nimo. Pale mume anapokufa, Divya akavaa nyeupe, nilikuwa nalia kama nimefiwa mimi.

Siku moja kaka alikwenda kurudisha kanda dukani, mwenye duka akamwambia, "Huyu mtoto mbona kafa toka mwezi wa nne?" Kaka akaja kutuambia, nikamcheka. Nikamwambia steringi hafi. Akasema, "Steringi hafi kwenye picha." Hapo ndipo nikapiga hesabu: Jumamosi zote zile nalia ujane wake, mwenyewe keshachomwa, kawa majivu. Sikurudi tena bandani mpaka shule zilipofunguliwa.

Bi Mkubwa wa Unguja

Sie Unguja televisheni tulikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini khabari hii haikuja kwa televisheni. Ilikuja kwa simu ya Dubai, kwa jirani, tukaipokea kwa fundi wetu wa nguo.

Fundi yule alikuwa na picha ya Divya kaikata kwenye gazeti la Kihindi, kaibandika ukutani juu ya cherehani. Wasichana wote wa mtaa tulikuwa tukenda pale na vitambaa vyetu vya Idi, tunanyoosha kidole: "Mikono kama ile." Haulizi mikono gani. Siku hiyo tumefika watatu, fundi kasimamisha mguu, cherehani kimya. Akatwambia. Bibi yangu, aliyekuja kupunguza buibui lake tu, akauliza, "Mtoto wa nani?" Hapana aliyejua la kumjibu. Akauliza tena, "Ana mama?" Basi shoga yangu mmoja akaanza kulia, na sote tukafuata.

Gauni langu lile lilishonwa. Mikono ile ile.

Kijana wa Zamani, Mombasa

Wakenya tuna haki yetu hapa. Picha yake ya Vishwatma ilirekodiwa Kenya! Wimbo wa Saat Samundar, ule anaocheza watu wote wamemzunguka, ni ndani ya klabu ya usiku Nairobi. Mwaka 1992 shuleni kwetu ukitaka ugomvi sema huyo ni wa India peke yake.

Mimi habari nilipewa na mwalimu wa hesabu, tena kwa kejeli, alinikuta nimechora jina lake nyuma ya daftari. "Huyo unayemwandika amekufa, andika fomula." Nikaandika fomula. Nilipokwenda Nairobi kusoma, miaka mitatu baadaye, niliitafuta klabu ile. Kila niliyemuuliza ananielekeza kwengine. Sikuwahi kuiona, na wala sijui ningeiona ningefanya nini. Ningesimama nje labda.

Mtu wa Maskati

Nilikuwa sijazaliwa mwaka huo, nimerithi msiba kwa mama. Lakini nina la kuongeza. Kazini hapa Maskati nina mwenzangu mtu mzima wa Hyderabad. Siku moja nikamtaja Divya, nikidhani namfundisha. Jamaa akaweka kikombe chini. Kumbe wao walimpata kabla ya Bombay: Bobbili Raja, picha ya Kitelugu ya mwaka 1990, na Venkatesh. Ana miaka 16! Ikapiga sana kwao. Akaniambia picha yake ya mwisho ya Kitelugu ilibidi mwigizaji mwingine, Rambha, asimame badala yake kwenye sehemu zilizobaki. Chai ikapoa.

Mchambuzi wa Kariakoo

Hamjambo wakubwa. Sipendi kuharibu msiba, ila mbona Recho wetu, mwigizaji wa Bongo Movie, hajapata uzi kama huu? Rachel Haule, Mei 2014, uzazi, pale Muhimbili. Binti mdogo naye. Mnalia wa ng'ambo tu.

Mwana Ngamiani

Mdogo wangu, hilo halina ubishi. Fungua uzi, mimi nitakuwa wa kwanza kuingia. Recho habari yake tuliipata siku ile ile, kila mtu na simu yake mkononi. Huyu habari ilitufikia imechelewa, ndiyo maana wengine hatujamaliza.

Mama Wawili, Dar

Mmesahau kwamba aliendelea kuja. Picha yake ya Rang ilitoka Julai 1993, Shatranj Desemba, mwenyewe hayupo. Mama yangu alikataa kuitazama Rang. Alisema ni kama kupokea barua ya mtu uliyemzika.

Mimi nilitazama. Na Laadla ilipotoka mwaka 1994, Divya alikuwa ameshapiga sehemu kubwa kabla hajafa, wakamweka mwigizaji mwingine, Sridevi, kuanza upya. Nilikaa na Laadla yote namtafuta Divya kwenye kila kona, kama vile wangemsahau nyuma ya mlango. Vipande vyake siku hizi vimo mtandaoni, maneno yale yale anayosema Sridevi. Halafu Februari 2018 Sridevi naye akafia hotelini Dubai. Siku hiyo nilimpigia mama, hatukuongea dakika mbili.

Bi Mkubwa wa Unguja

Mama Wawili, hiyo ya barua imenichoma.

Kijana wa Zamani, Mombasa

Kanda ya Vishwatma ninayo hadi leo, yenyewe, na karatasi ya duka juu: "Rudisha mkanda nyuma, faini 10." Sijaitazama miaka ishirini. Deki sina.

Mwana Ngamiani

Kaka anayo, ipo kabatini Tanga. Hedi chafu, inatafuna kanda. Tukiipiga spirit na karatasi laini huenda ikashika. Unakuja lini?

Kijana wa Zamani, Mombasa

Horohoro pale mpakani si mbali. Mwisho wa mwezi.