Vijana wa "digitali" hapa Lubumbashi, turudishieni namba yetu na domeini yetu

Wandugu wote, jambo. Uzi huu ni juu ya vijana wanaouza kazi ya kutangaza biashara kwenye mtandao, waliotushikia namba ya simu kwenye ramani ya Google na domeini, yaani anwani ya tovuti yetu. Ni mrefu na nimeuandika kwa hasira. Asiye na muda apite.

Mimi na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tuna atelye Kampemba. Tunasuka upya mota zilizoungua, tunatengeneza pampu za foraji (visima virefu vya kuchimbwa) na jenereta. Yaya anashika spana, mimi nashika daftari na simu. Kazi hii hapa kwetu haikosi: maji ya bomba yanakuja yakipenda, kila mwenye uwezo amechimba foraji, halafu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo na pampu inaungua. Miaka yote wateja wametufikia kwa mdomo. Fundi anamwambia mwenye nyumba, mwenye nyumba anamwambia shemeji yake wa Ruashi.

Basi akaja kijana, shati limepigwa pasi, kompyuta begani, kadi ya jina inayong'aa. "Mama, biashara yenu haiko kwa Google, njo sababu bantu habaione. Mutupatie miezi tatu, itakuwa ya kwanza."

Nianze na hilo la kuwa wa kwanza, maana najua wengi humu mmeuziwa. Google wenyewe wameandika kwenye maelekezo yao kwa wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba hawapokei pesa kupandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Ukilipa unaingia kwenye matangazo, yale yenye alama kwamba yamelipiwa, na ukiacha kulipa unatoka siku hiyo hiyo. Matokeo ya kawaida ni kazi nyingine, ya polepole, na pesa ya matangazo haiyagusi. Sisi tuliuziwa yote mawili kwenye karatasi moja, jumla moja, bila mstari wa kuyatenganisha.

Na ushahidi wao sasa! Amesimama mlangoni kwetu, akatoa simu, akaandika jina zima la atelye yetu, herufi kwa herufi. Tukatoka wa kwanza. "Munaona?" Bwana, nani mwingine angetoka? Atelye ina jina la marehemu baba yetu. Anayeandika jina hilo anatujua tayari. Sisi tunamtafuta yule wa mtaa wa Golf ambaye pampu imemfia saa mbili usiku, hajui jina la fundi yeyote, anaandika "réparation pompe immergée Lubumbashi", kutengeneza pampu ya kisimani. Huyo ndiye aonyeshwe sisi. Na kwa biashara za mahali, Google inaangalia mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali kutoka aliko mtafutaji, na jinsi inavyojulikana. Ukisimama mlangoni mwa mtu, umbali umeshaufuta. Nenda ukatafute hivyo ukiwa kule mpakani Kasumbalesa tuone.

Kwenye fakitira, yaani bili yao, kulikuwa na mstari wa "maneno 50 ya siri ya Google", dola 60. Maneno yenyewe yalikuwa yamefichwa ndani ya msimbo wa ukurasa wa tovuti yetu, kwenye kile kisanduku cha zamani cha maneno muhimu. Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawatumii kisanduku hicho kupanga matokeo. 2009! Wakati huo mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Katanga yote, Haut-Katanga haijazaliwa. Chini ya ukurasa wakaongeza maandishi meupe juu ya rangi nyeupe: pompe Lubumbashi pompe Likasi pompe Kolwezi pompe pompe pompe. Huo ni udanganyifu ambao Google wanaupiga marufuku waziwazi. Maana yake tulilipa ili tuadhibiwe.

Sasa matangazo. Hapa mnivumilie.

Tulitoa dola 150 kila mwezi za matangazo tu, mbali na mshahara wao. Kadi ya benki inayokubalika kule sisi hatuna, kwa hiyo tulitoa taslimu mkononi na wao wakasema watalipa kwa kadi yao. Ripoti ilikuja picha moja ya rangi nzuri: "maonyesho 48,000". Nikauliza maonyesho ni nini. "Ni mara ambazo tangazo limeonekana, mama." Sawa, na simu ngapi zimeita? "Mama, kwanza tunajenga umaarufu." Nikauliza mwezi uliofuata. "Tuko natumika, mama, utaona tu."

Mtoto wa dada yangu anasoma informatiki. Akaniambia, mama, waombe ruhusa ya kuingia kwenye akaunti ya matangazo. Wakakataa, eti ni siri ya kampani. Siri gani? Google wana kanuni kwa wote wanaosimamia matangazo ya watu wengine: angalau lazima wamwonyeshe mteja gharama, mibonyezo na maonyesho. Tulipowapelekea kanuni hiyo imechapwa kwenye karatasi, wakatufungulia dirisha la kuangalia tu, bila kugusa.

Wandugu, nilichoona humo!

Kwanza pesa. Katika zile dola 150, zilizofika Google mwezi ule zilikuwa 41.

Pili, hizo 41 zilikwenda wapi. Tangazo liliwekwa kwa nchi nzima. Kinshasa ilikuwa imekula sehemu kubwa, na Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Nani ataniletea mota ya kusuka kutoka Limete, kule Kinshasa? Halafu Bruxelles. Halafu Paris. Mpwa wangu akanieleza: ukiweka tangazo, mpangilio wa mahali unaokuja wenyewe unachukua watu walioko pale pamoja na watu wanaoonyesha kupendezwa na pale. Mtoto wa Lubumbashi anayeishi Ubelgiji na kusoma habari za nyumbani anahesabiwa. Kuna chaguo la kuwabakiza walioko mahali penyewe tu. Ni kubonyeza mara moja. Halikubonyezwa.

Tatu, walinunua neno "pompe" (pampu) likiwa wazi kabisa, bila kulifunga. Neno likiachwa wazi hivyo, Google inaruhusiwa kukuonyesha kwa chochote inachoona kinakaribia. Kuna ripoti inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubonyeza. Tulipoifungua tukakuta watu waliokuwa wanatafuta "pompes funèbres". Watu wenye msiba, wanatafuta jeneza na gari la maiti, wanaletwa kwenye tovuti ya pampu za maji, na sisi tunalipa. Yaya alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka, mimi ndiye mwenye daftari. Dawa yake ipo, unaweka orodha ya maneno ya kukataa. Orodha ilikuwa tupu.

Nne, waliacha wazi na ule mlango wa kupeleka tangazo nje ya utafutaji, kwenye tovuti na programu za watu wengine. Likaingia ndani ya michezo ya simu. Kwa hiyo mtoto wa mtu anapiga mpira kwenye simu ya mama yake, kidole kinateleza, sisi tunakatwa.

Sisemi matangazo ya Google ni uongo. Kinachouzwa pale ni mnada: kila mtu akitafuta, wanaotaka kuonekana wanashindanishwa kwa bei wanayokubali na kwa ubora wa tangazo na ukurasa wao, na unalipa anapobonyeza. Lifunge neno "bobinage moteur Lubumbashi" (kusuka mota Lubumbashi), libane tangazo ndani ya mji na barabara ya Likasi, weka namba ya simu kwenye tangazo, hata kwa dola 3 kwa siku utaongea na watu wenye mota zilizoungua kweli. Watakuwa wachache, lakini ni wateja. Kazi hiyo mpwa wangu aliifanya baadaye jioni moja, kwa akaunti yetu wenyewe. Ninachokasirikia ni mtu kulipwa mshahara wa fundi na kuacha kila kitu kama kilivyotoka kwenye boksi.

Facebook sitakaa sana. Waliposti picha za mota wakazilipia, laiki zikamiminika, mimi nikitazama majina na nchi sielewi hata mmoja. Mfumo ule unakutafutia watu wa kufanya kile ulichochagua. Ukichagua laiki utaletewa wapenda laiki, ukichagua ujumbe wa WhatsApp utaletewa wanaoandika. Ripoti ya laiki inapendeza zaidi, basi wakachagua laiki.

Na maoni ya bandia! Kwenye ramani tukaona nyota tano tano zimejaa. Moja inasema: "Makaribisho mazuri, samaki mtamu sana, nitarudi na familia." Samaki! Kwenye atelye ya mota! Walikuwa wamenakili kazi ya mteja wao mwenye mgahawa, hata kusoma hawakusoma. Google wanakataza maoni ya kununua, wanaweza kuyafuta na kuiwekea vizuizi profili, ule ukurasa wa biashara kwenye ramani. Maoni ya kweli tulikuwa nayo machache, ya wateja waliotoka jasho na sisi kwenye visima, na sasa yamekaa kando ya samaki.

Kilichonifanya nifungue uzi huu lakini ni jambo la juzi. Mteja wetu wa zamani, papa mmoja mwenye shamba njia ya Kasumbalesa, alikuja amekunja uso. "Mama, mulihama?" Hapana, papa, tuko hapa hapa. Akasema alipoteza simu yake, akatutafuta kwa Google, akapiga namba iliyo kwenye ramani, kijana akapokea, akamwambia atelye haichukui kazi mwezi huu, lakini kuna fundi mwingine mzuri, huyu hapa namba yake. Alikwenda. Akatozwa, na pampu ikaungua tena.

Nikafungua profili yetu. Namba iliyoko pale si yangu wala ya yaya. Ni ya kijana wa digitali. Alipoulizwa akajibu kwamba ni "kwa ajili ya kuchuja simu". Kuchuja! Unauza wateja wetu kwa jirani na sisi tunakulipa uwachuje!

Na kuirekebisha hatuwezi, kwa sababu profili imefunguliwa kwa barua pepe yake. Kumbuka profili ile ya ramani ni bure, Google hawatozi hata franga. Unathibitisha biashara ni yako, mara nyingi siku hizi kwa video ya mahali penyewe, basi. Sisi tulitozwa dola 80. Domeini yetu ya .cd (mwisho wa anwani za Kongo) nayo kaiandikisha kwa jina lake. Ni sawa na kujenga nyumba halafu karatasi ya kiwanja ikatoka na jina la fundi matofali. Sasa anataka dola 300 "za uhamisho", la sivyo muda wake ukiisha anaiacha ipotee.

Atakayekuja kuniambia "mama, ungesoma mkataba" asijisumbue. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, nimeusoma na ninao hapa mezani. Haujataja popote kwamba jina, namba na akaunti vitakuwa vyake. Na atakayesema vijana wanatafuta maisha, yaya naye anatafuta maisha, lakini ukimletea mota hasuki nusu na kukurudishia na picha ya rangi.

Jina la kampani siliandiki humu, msiniulize. Ninachotaka kwenu ni msaada. Tumeshaiomba Google umiliki wa profili kupitia ile njia ya kudai biashara, anayeishikilia ana siku chache za kujibu, tunasubiri. Kuhusu domeini, yupo hapa Lubumbashi aliyewahi kurudishiwa .cd yake kutoka kwa mtu aliyeiandikisha kwa jina lake mwenyewe? Ulikwenda kwa nani, ulipeleka karatasi gani, RCCM, ile karatasi ya kuandikishwa biashara, ilitosha? Andikeni hapa hapa chini, hata kwa ufupi, nitasoma zote.

Na wewe kijana, najua unapita humu. Papa wa shamba amekubali kuja nami kutoa ushuhuda, na namba aliyopewa bado iko kwenye karatasi yake. Ondoa ile namba yako kwenye ramani kabla ya Jumatatu.