"Busti ndogo haiui injini"? Njooni muitazame pistoni yangu namba tatu

Wakuu, leo mniache nitoe povu. Fundi alinifungia turbo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini (hiyo presha ya ziada ndiyo busti), na injini ikafa. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite tu.

Gari yangu ni lita 1.5, silinda nne, ilitoka kiwandani bila turbo, kompresheni 10.5 kwa 1, yaani silinda inabana hewa mara 10.5. Ilikuwa nzima, na sisemi hivyo kama dalali anayetafuta mteja. Kabla hakijafungwa kitu chochote tulipima presha ya kompresheni, silinda zote nne zikasoma kati ya psi (kipimo cha presha) 185 na 192. Oili haipungui, moshi hakuna. Fundi mwenyewe ndiye aliyeshika geji. Hilo mlishike, nitalirudia.

Akaniuzia turbo na vikorokoro vyake vyote. Maneno yake nayakumbuka kama sala: "Tunaweka psi 7 tu, hiyo busti ya kitoto, injini ya kiwandani inaibeba bila kuguswa." Siku nne gari ikatoka. Na nikiri, wiki ya kwanza nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani. Gari iliyokuwa inaomba ruhusa kabla ya kuovateki sasa inachanganya kama imefukuzwa.

Kilomita 1,100 baadaye ikaanza kumis. Halafu moshi wa bluu. Halafu oili ikawa inarushwa mpaka kwenye bomba la hewa, na kijiti cha kupimia oili kinasukumwa juu chenyewe. Nikairudisha. Jamaa akaisikiliza dakika moja, mikono mfukoni, akasema: "Injini yako ilikuwa imechoka."

Imechoka! Injini uliyoipima wewe, kwa geji yako, ukanipongeza kwa kuitunza!

Nikaivuta kwa fundi mwingine, tukaifungua nikiwa nimesimama pale pale. Silinda namba tatu ilisoma psi 40. Tukapuliza hewa kupitia tundu la plagi, tukaisikia ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, maana yake inapita kwenye pistoni na kushuka chini. Hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ikatoka, pistoni ikatoka. Ule ukuta mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Plagi yake ina vidoa vya fedha kwenye kauri, vidogo kama chumvi. Vile vidoa ni alumini, na alumini hiyo ni ya pistoni yangu.

Sasa nisikilizeni. Injini iliyochoka haifi hivyo. Iliyochoka inalika taratibu, silinda zinapanuka, ringi zinaisha, kompresheni inashuka kwenye silinda zote kidogo kidogo. Yangu, silinda nyingine tatu zimebaki kama zilivyokuwa na kuta za silinda bado zina mistari ya honi, ile mikwaruzo midogo ya kunolea ya kiwandani. Nilikagua hata ncha za ringi, kwa sababu joto likizidi ringi hutanuka mpaka ncha zake mbili zinagongana, na ringi isiyo na pa kwenda huvunja pistoni. Ncha za kwangu hazina mng'aro wa kugongana. Kinachobaki ni kimoja: mafuta na hewa vimekuwa vikilipuka ovyo ndani ya silinda, sehemu ya mchanganyiko inawaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ile presha inayopanda ghafla ndiyo nyundo, na nyundo hiyo inagonga pistoni ya kiwandani ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa nini vilipuke? Hapa ndipo "psi 7 tu" inaponichefua. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina presha ya kama psi 14.7. Ukiongeza 7 umeongeza karibu nusu nzima, kitoto wapi hapo? Na hewa hiyo ikishakandamizwa na turbo inakuwa ya moto, kisha inaingia kwenye silinda inayoikandamiza tena mara 10.5. Hewa ikiongezeka nusu, mafuta nayo lazima yaongezeke nusu, na zaidi kidogo ili kupooza moto.

Tupige hesabu ya darasa la saba. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi wa silinda moja unachukua milisekunde 20. Nozeli zangu za kiwandani, vile vinyunyizio vya mafuta, kabla ya turbo, mguu ukiwa sakafuni zilikuwa zinafunguka kama asilimia 80 ya muda huo, yaani milisekunde 16. Ongeza nusu: 24. Kwenye 20. Nozeli itafunguka milisekunde 24 ndani ya 20 kwa uchawi gani? Fundi hakubadilisha nozeli hata moja. Pampu ya mafuta ni ile ile. Plagi ni zile zile za joto la kiwandani.

Alichofanya, na hili nililigundua baada ya kufungua dashibodi, ni kuunganisha kidude kwenye waya wa sensa ya presha ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Sensa ya kiwandani ya gari kama yangu inasoma mpaka presha ya kawaida ya hewa, ikizidi hapo kompyuta inaona kuna hitilafu na inaweza kukata mafuta. Kidude kinakata ile volteji isipande. Kwa hiyo kompyuta inaamini turbo haipo! Inatoa mafuta ya injini isiyo na turbo na inawasha plagi mapema kama kawaida, wakati chini ya busti plagi inatakiwa icheleweshwe. Yaani ule mfumo uliokuwa unalinda injini ndio aliouziba macho, halafu akaita hiyo "tuningi". Nikamuuliza uwiano wa hewa na mafuta ulikuwa ngapi kwenye busti. Kimya. Hakufunga sensa pana ya oksijeni, inayosoma uwiano wenyewe, na ile ya kiwandani inachojua vizuri ni kama uko juu au chini ya 14.7 kwa 1, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta. Chini ya busti wengi wanataka kama 11.5 mpaka 12. Hakupima. Alisikiliza mlio wa ekzosi akasema imekaa vizuri.

Na kosa langu nalisema hapa hapa, msije mkanichimbia. Niliisikia. Gia ya tatu, mlimani, mizunguko kama 4,000, mlio wa kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Nikampigia simu. "Turbo ndivyo zilivyo, utazoea." Nikazoea! Wiki mbili nzima naendesha nikisikia pistoni yangu inapigwa, nimeongeza sauti ya redio.

Najua mtaleta lile la "mbona 2JZ inabeba turbo", ile injini ya Toyota. Mkuu, 2JZ ipi? Toyota wenyewe walikuwa na lita 3 ile ile kwa namna mbili. GE isiyo na turbo walianza nayo kompresheni 10 kwa 1. GTE yenye turbo mbili wakashusha mpaka 8.5, wakaweka pistoni nyingine na vinyunyizio vya kurusha oili chini ya pistoni kuzipooza. Waliounda injini hawakuthubutu kubandika turbo juu ya GE wakaenda nyumbani. Na atakayesema magari ya siku hizi yana turbo na kompresheni 10 kwa 1, sawa, mengi yanapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ikigeuka mvuke inapooza hewa mle mle, na kila kitu kimepangwa kwa ajili ya turbo tangu kwenye karatasi. Hata Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilipobaki na 10.25 kwa 1, kiwanda kiliweka chupa ya maji na methanoli ya kunyunyizia kwenye hewa inayoingia. Wenye magari wengi wakasahau kuijaza. (Hao nawaelewa kabisa, mimi hata maji ya waipa nasahau.)

Sisemi haiwezekani kufunga turbo kwenye injini ya kiwandani. Inawezekana, wapo humu wanaotembea nazo miaka. Lakini waulizeni walibadilisha nini. Watakutajia nozeli, pampu, kompyuta inayopangika, intakula ya kupooza hewa ya turbo, saa nyingi kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), na turbo yenyewe wataitaja mwishoni. Mimi niliuziwa hiyo ya mwishoni peke yake.

Yapo na mengine. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lilifungwa likiwa na tumbo linaloning'inia, wakati oili hiyo inarudi kwa uzito wake tu na shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Vali ya kupumulia injini aliiacha ilivyokuwa. Bima hakunigusia kabisa, nikaja kujua mwenyewe kwamba badiliko kama hili linatakiwa kuripotiwa.

Nilipompelekea pistoni alikataa hata kuishika. Anasema niliikanyaga sana. Turbo nimefunga ili niende kuegesha?

Sasa maswali mawili kwa wenye uzoefu. Moja, nina karatasi yenye vipimo vya kompresheni vya kabla, kwa mwandiko wake na tarehe, nina pistoni, plagi na kile kidude. Kuna aliyewahi kumbana fundi kwa ushahidi wa namna hii akarudishiwa chochote? Pili, namba moja, mbili na nne zinaonekana salama kwa macho. Nibadilishe pistoni moja au nitoe zote nne nipime na konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, kama zimepinda? Turbo nimeshaing'oa, iko kwenye buti imeviringishwa gazeti.