Naomba ushauri: kishikio cha parachuti ya akiba kwa frifulai (kuruka kutoka ndegeni kwa mikao kama kichwa chini au kukaa), cha chuma au cha kitambaa?
Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Fundi anakaribia kukunja upya parachuti ya akiba, nataka niamue kishikio kabla.

Kilichopo ni pete ya chuma yenye umbo la D. Kidole gumba kinapita ndani hata ukivaa glavu, na mkono wa kushoto hauwezi kukichanganya na kile cha kulia cha kuachia parachuti kuu. Hilo nalithamini sana. Ila kwenye frifulai, kichwa chini au mkao wa kukaa, mwenzako akikudaka vibaya vidole vyake hunasa kwenye pete, na akiba inafunguka mkiwa kwenye kasi kubwa mno. Hapo ni shingo, mishono na kitambaa cha parachuti vinavyoumia.

Cha kitambaa hakinasi kirahisi, lakini kimelala bapa. Mikanda ikihama kifuani, kukikamata ni kazi, tena vishikio vyote viwili, cha akiba na cha kuachia, vinafanana mkononi.

Waliobadilisha, mlichagua cha kitambaa kilichojazwa kigumu au pete fupi? Na velkro inayoshikilia kishikio, kwa mchanga na chumvi ya pwani hii, mnaibadilisha ikifikia hali gani? Nguvu ya kukivuta haipaswi kuzidi kama kilo 10, ila wasiwasi wangu ni kishikio kutoka chenyewe.